Aliosha jiko, akakosa kibali cha moshi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya mikorosho, Makrina Dominiko anavuta kigoda nyuma ya nyumba ya wifi yake, anajipaka majivu viganjani na kuanza kugonga.

Anaweka korosho juu ya jiwe, anaigonga mara moja kwa kirungu, ganda linafunguka. Korosho inatoka nzima, bado imevaa ngozi yake ya kahawia, na inaangukia kwenye ungo bila yeye kuitazama. Macho yake yako juu, kwenye bomba la moshi la wifi yake Rozalia, linalotoa moshi mzito mweusi.

"Unauona ule?" anauliza, akinyoosha kidevu. "Ule moshi una kibali. Wangu hauna."

Upande wa pili wa ua wa mabua liko jiko la Makrina mwenyewe. Ni la matofali ya kuchoma, limepakwa chokaa, limenyooka kuliko hili linalofuka. Ndani yake kuku ametaga mayai.

"Wifi, usiutazame sana moshi wangu, utaumaliza!" Rozalia anapaza sauti kutoka motoni. "Gonga korosho."

"Nagonga. Mikono ina kazi yake, macho yana kazi yake."

Wote wawili wanacheka. Makrina anaokota korosho nyingine.

"Nina wivu," anasema, na wala hashushi sauti ili wifi yake asisikie. "Andika hivyo hivyo. Watu watakwambia hawa ni ndugu, wanapendana, wanaazimana chumvi. Ni kweli. Lakini nina wivu."

Hapa ni kitongoji cha Kisimani, Ruponda, wilayani Nachingwea. Leo ni Jumatatu. Keshokutwa afisa mazingira anarudi kukagua jiko la Makrina, na masharti ni kwamba jirani wa karibu aulizwe mbele ya watu kama moshi huo unamkera. Jirani wa karibu ni Rozalia. Akisema unamkera, kibali hakuna.

Makrina ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Mnero, karibu na kanisa, kwa mama aliyekuwa akikaanga korosho uani kwenye karai lililotobolewa matundu. Aliletwa Ruponda na ndoa. Mume wake, Dominiko, analima ufuta na ana mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Rozalia ni mdogo wake Dominiko, na kiwanja chake kimekatwa kutoka kiwanja hicho hicho cha baba.

"Rozalia alirudi hapa kutoka Nachingwea mjini, alikuwa anauza mitumba," Makrina anaeleza. "Kubangua hajui. Nikamfundisha mimi. Akigonga, korosho inatoka unga. Mwezi mzima tulikuwa tunaungia mboga."

Kazi yenyewe haina huruma. Korosho ghafi zikipata moto, ganda linatoa mafuta makali, mafuta yanawaka, na hapo ndipo moshi unapotoka, mweusi na mchungu, unaowasha macho. Mafuta hayo yakigusa ngozi yanaibabua. Makrina anafungua kiganja: ngozi imebanduka na kuota tena mara nyingi, hata mistari ya mkono haionekani vizuri.

Zamani kila mwanamke alikaanga uani kwake na moshi ukaenda ulikotaka. Lakini wakaangaji waliongezeka, na kina mama waliokuwa wakipeleka watoto zahanati wakaanza kulalamika kwamba wanakohoa kwenye foleni. Mwaka jana, msimu ulipokaribia, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Anselmo, aliita mkutano. Afisa mazingira akatangaza kwamba anayekaanga korosho kwa biashara lazima awe na kibali cha mazingira.

Afisa huyo anaitwa Rogath. Kwao ni Kilimanjaro. Watu wa Kisimani walipojua anatoka Moshi, jina likapatikana siku hiyo hiyo.

"Bwana Moshi amekuja kupima moshi," anasema Mzee Anselmo, na anacheka kama ndiyo kwanza analisikia. "Yeye mwenyewe anaitika."

Katika mkutano ule mtu mmoja aliuliza kama sasa serikali inatoa ruhusa ya kuchafua. Rogath akajibu, "Natoa kipimo. Ukikizidi, nafunga." Wengi walikumbuka hilo neno la kufunga. Makrina alilikumbuka kuliko wote.

Rogath alisema atapita Alhamisi. Kwa Makrina maana yake ilikuwa moja: mgeni wa serikali anakuja kukagua uchafu.

"Nikajiandaa kama anakuja Baba Askofu kutoa kipaimara," anasema.

Siku mbili kabla, alizima moto. Akakwangua masizi kwa panga, akaosha matofali kwa sabuni ya unga, akapaka chokaa nje na ndani, hata mdomo wa bomba. Maganda yote akayabeba kwenda kuyafukia shambani. Magunia ya korosho ghafi akayapeleka kwa shemeji yake, kwa sababu aliona yanaharibu sura ya uwanja. Akafagia, akatandika mkeka.

"Alinikataza kuwasha hata moto wa nyumbani," anasema Dominiko, mtu mpole anayependa kuongea akiwa ameegemea kitu. "Asubuhi ile chai ya mgeni ilichemshwa kwa dada yangu."

Kwa dada yake hali ilikuwa nyingine. Rozalia alikuwa amechelewa kukaanga wiki nzima, na oda ya harusi ilikuwa inamsubiri. Afisa alipofika Kisimani, yeye alikuwa motoni, masizi hadi kwenye nyusi, na maganda yamemwagika kila mahali.

"Nilitaka kukimbia," Rozalia anakumbuka. "Nikasema leo nafungiwa, wifi yangu anapewa."

Rogath alianza kwa Makrina. Akakaribishwa mkekani, akanywa chai, akala korosho. Kisha akaenda kwenye jiko, akainama, akachungulia ndani ya bomba.

"Mama, hapa mnafanya kazi gani?"

"Tunakaanga korosho."

"Mnakaanga lini?"

"Kila siku."

"Moshi uko wapi?"

Makrina anasema hapo alijisikia vizuri kuliko siku zote za maisha yake. "Hakuna moshi, mheshimiwa. Jiko langu halina moshi kabisa."

Rogath alimwomba awashe. Hakukuwa na korosho za kukaanga, hakukuwa na maganda, hakukuwa na kuni. Akasubiri kidogo, akatazama saa yake, akaandika kwamba mahali hapo hapana shughuli. Kisha akaruka ua wa mabua, akaingia kwenye moshi wa Rozalia, akakohoa hadi akashika mti.

"Siwezi kutoa kibali cha moshi ambao sijauona," anasema Rogath, anapoulizwa kuhusu siku hiyo. "Lazima nione unatoka kiasi gani, unaelekea wapi, unamwangukia nani. Kwa yule mama hapakuwa na kitu cha kuangalia, palikuwa pazuri tu. Niliondoka najisikia vibaya. Chai yake ilikuwa tamu."

Rozalia alipewa masharti. Aongeze bomba lipite paa. Achimbe shimo la maganda ili yasiende mtoni. Asikaange siku za kliniki ya watoto. Kisha watu wakaitwa, na jirani wa karibu akaulizwa mbele yao kama moshi wa Rozalia unamsumbua.

Jirani huyo alikuwa Makrina, bado amevaa kitenge chake cha kupokelea wageni.

"Nikasema haunisumbui, tumezoea. Ningesemaje? Ni wifi yangu, na chai nilichemshia kwake."

Rozalia alitimiza masharti, akapata kibali. Makrina akaambiwa asubiri ukaguzi mwingine, na Rogath ana kata nyingi na pikipiki moja. Ukaguzi huo umechukua mwaka mzima kuja.

Kwa mwaka huo Makrina amebangua kwa wifi yake. Analipwa shilingi elfu mbili kwa kilo. Kulthumu, mfanyabiashara wa Ruangwa mjini anayezinunua, anatoa elfu kumi na nane kwa kilo hiyo hiyo, na hachukui mzigo wa jiko lisilo na kibali, kwa sababu hata wanunuzi wake wa Dar es Salaam wanamuuliza. Makrina anakubali kwamba korosho ni za Rozalia, na kuni, na moto. Fedha siyo inayomkosesha usingizi.

"Kinachoniuma ni ule mfuko," anasema.

Mfuko una karatasi imegundishwa: Korosho za Rozalia. Siku moja Makrina alimsindikiza wifi yake kupeleka mzigo Ruangwa. Kulthumu akafungua mfuko dukani, akamwaga korosho kwenye sinia, akaita wateja waje waone. Zote nzima.

"Akamshika Rozalia mkono, akaugeuza hivi, akasema, 'Dada, una mikono ya dhahabu.' Na mimi nimesimama hapo na mikono yangu. Rozalia akasema ahsante. Ahsante tu! Akarudisha mkono mfukoni."

Rozalia analijua neno hilo, ameshalisikia mara nyingi.

"Duka limejaa watu, ningeanza kutoa hotuba?" anauliza. "Nilisema ahsante kwa niaba yetu sote."

"Mbona kwa niaba yetu sote uliisema kimya kimya?" Makrina anamjibu kutoka kwenye kigoda.

Kibali chenyewe Rozalia amekiwekea kioo na kukitundika sebuleni, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Makrina anasema wifi yake akisali rozari anatazama kibali. Rozalia anasema anamtazama Yesu, kibali kiko jirani tu.

Makrina anaona kila kitu. Anajua Rozalia amebadilisha bati mbili za upande wa mashariki. Anajua siku hizi sokoni anaitwa Mama Kibali, na kwamba akiitwa hivyo hugeuka taratibu ili aitwe tena. Anajua Jumapili wifi yake ameanza kukaa benchi la pili kutoka mbele.

"Benchi la pili!" anasema. "Na anaimba sauti ya kwanza, hana sauti ya kwanza."

Dominiko, aliye katikati, ana msimamo wake. "Huyu dada yangu, huyu mke wangu. Mimi nakula korosho za wote na nafunga mdomo."

Jumatano inafika. Safari hii Makrina hafagii hata njia. Mayai ya kuku yamehamishiwa kwenye kikapu. Moto umewashwa tangu asubuhi, karai limejazwa korosho hadi ukingoni, na kabla pikipiki haijasikika, moshi umeshaanza kuviringika juu ya paa. Chokaa yote ya mwaka jana imegeuka nyeusi. Kuku wamekimbilia kwa jirani wa tatu.

Rogath anavua kofia ya pikipiki, anafumba jicho moja.

"Mama, leo nimeuona."

"Uangalie vizuri, mheshimiwa," Makrina anamwambia. "Kama hautoshi, naongeza."

Watu wanacheka. Rogath anazunguka jiko, anakagua shimo la maganda, anarudi nyuma hadi barabarani kuangalia moshi unakwenda wapi. Unakwenda juu ya ua wa mabua. Unapita paa la Rozalia. Kisha unashuka na kutua nyuma ya nyumba yake, kwenye kamba ya nguo, ambako shuka mbili nyeupe na blauzi ya kwaya zinaonekana zimeshaingia madoa.

Kicheko kinaisha. Kila mtu ameona.

Watu wa Kisimani walikuwa wameshaamua jibu la Rozalia tangu wiki iliyopita. Anamtegemea Makrina kwa korosho nzima. Siku Makrina atakapowasha moto wake, Rozalia anabaki bila mbanguaji, na Kulthumu anapata mtu wa kulinganisha naye. Sasa amepata na sababu, tena imeanikwa hadharani. Makrina hana kiwanja kingine. Akikataliwa hapa, jiko lile ni la kuku.

"Nilikuwa nimepanga maneno yangu," Makrina anasema baadaye. "Akikataa tu, nayamwaga. Yangetosha kutoka hapa hadi Nambilanje."

Mzee Anselmo anauliza jirani wa karibu ni nani, ingawa anamjua tangu hajaota meno. Rozalia anasimama. Anatazama shuka zake. Anazitazama kwa muda.

"Moshi wa wifi yangu unaniingilia," anasema. "Nguo zangu mnaziona wenyewe."

Makrina anashika kiuno. Rogath anachomoa kalamu.

"Kwa hiyo nitahamisha kamba," Rozalia anaendelea. "Kamba ni kufungua na kufunga. Naiweka kule mbele. Afisa, mwandikie wifi yangu."

Kigelegele cha kwanza kinatoka kwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, kisha vinajaa uwanja mzima. Mmoja anamkumbatia Rozalia. Mwingine anaanua zile shuka na kusema atazifua yeye. Hata Rogath anapiga makofi, na kalamu ikiwa mkononi. Katikati ya hayo yote Makrina amesimama kando ya jiko lake na koleo la karai mkononi, na maneno yake yote mdomoni, hayana pa kwenda.

"Hakuna aliyenitazama," anasema jioni hiyo. Amekaa mlangoni kwake, amenawa uso, lakini masizi yamebaki masikioni. "Jiko langu, moshi wangu, siku yangu. Vigelegele vyake. Mwaka jana mimi nilisema haunisumbui, nani alipiga hata kofi moja?"

Sauti inatoka ng'ambo ya ua: "Wewe hukuhamisha kamba, wifi!"

"Mimi sina kamba! Naanika juu ya ua!"

"Basi ungehamisha ua!"

Dominiko anaingia ndani bila kuaga.

Rogath amesema kibali kitatoka kabla ya Noeli, kwa masharti. Bomba la Makrina liongezwe kipande kimoja. Na kwa kuwa sasa majiko ni mawili, yasifuke kwa pamoja: Rozalia akaange asubuhi, Makrina mchana. Rogath anaeleza kwamba aliyetangulia kupata kibali ndiye aliyetangulia kuchagua.

Makrina ameshayafikiria hayo. "Asubuhi kuna ubaridi, moto unakuwa rafiki. Mchana wewe na jua mnakaangwa pamoja. Hata saa kanizidi."

Kulthumu, kwa simu kutoka Ruangwa, anasema yuko tayari kuchukua mzigo wa Makrina mara kibali kitakapotoka. "Zije na jina lake, nitaziweka kando ya za Rozalia, wateja wachague." Anapoambiwa mikono ya dhahabu ilikuwa ya nani, anacheka. "Kwa hiyo zile za Rozalia sasa zitakuwaje?"

Rozalia analijua jibu. Asubuhi baada ya ukaguzi amekaa mwenyewe kwenye kigoda, na ungo wake umejaa vipande. Anaokota korosho moja nzima, anaitafuta ya pili, haioni.

"Hasara nitapata, siyo siri," anasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Watu wanasema nina moyo mwema. Acha waseme, napenda. Lakini mwaka mzima nimekaa na huyu mwanamke. Anagonga huku anatazama juu, zinatoka nzima. Mimi nagonga nimekodoa macho, zinatoka vipande. Kila siku. Unadhani nilikuwa nafurahi? Na mimi nina wivu wangu. Afadhali akagongee kwake, nisione."

Maneno hayo yanapofika upande wa pili wa ua, Makrina anasimamisha ufagio.

"Kasema hivyo?"

Anaambiwa ndiyo.

"Kasema wivu? Neno lenyewe?"

Anaambiwa ndiyo, neno lenyewe.

"Hebu rudia pale pa kukodoa macho."

Anarudiwa. Anaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesikiliza somo kanisani. Kisha anaendelea kufagia, na kwa muda anafagia mahali pale pale.

Mipango yake iko wazi. Kipande cha bomba Dominiko atakwenda kukichukua Nachingwea kwa fundi. Karatasi ya mfuko itaandikwa Korosho za Makrina, Ruponda, na herufi ziwe kubwa kuliko zile nyingine, ameshauliza kama inawezekana. Kibali kikitoka hatakitundika sebuleni, anasema, atakitundika nje, chini ya paa la baraza, kila apitaye aone. Akipata soko zuri atatafuta wabanguaji wawili, awafundishe, na majina yao atayataja dukani kwa Kulthumu, kwa sauti.

Na wifi yake?

Makrina anafikiri. Upande wa pili kunasikika kirungu kikigonga, kisha mtu akiguna kwa hasira.

"Namwomba Mungu wifi yangu apungukiwe," anasema. "Siyo ugonjwa, siyo njaa, hapana. Kitu kidogo tu. Halafu aje kuniomba mimi, mbele ya watu wengi, Bwana Moshi naye awepo. Nami nimpe."